Ukijua kusuka mkeka, unajua kupiga picha: ufundi wa mikono unavyoweza kuifundisha simu yako

Miezi michache iliyopita mama mmoja, msikilizaji wetu wa huko pwani, alitutumia picha ya mkeka kwa WhatsApp. Alikuwa ameusuka kwa wiki kadhaa, akaupiga picha na kumtumia mnunuzi wa mjini. Mnunuzi akajibu kwa maneno mawili: "Umefifia mno." Kisha akataja bei iliyomuuma mama yule. Naye akatuuliza: "Jamani, huu mkeka umefifia wapi? Rangi nimetia kwa mikono yangu mwenyewe."

Tuliiangalia ile picha. Ilipigwa saa saba mchana, jua likiwa utosini. Mpiga picha alisimama wima na kuinamishia simu chini, kivuli chake kikaangukia kona moja ya mkeka. Pembeni zilionekana ndoo, ndala moja na mguu wa mtoto. Rangi ya zambarau ilikuwa imegeuka kijivu, na ususi wenyewe haukuonekana kabisa. Mtu asiyejua angedhani ni mkeka wa plastiki.

Kilichotushangaza ni hiki. Mama huyu, akikosea ukindu mmoja katikati ya ukili, anauona papo hapo na kuufumua. Anajua rangi ipi ikae karibu na ipi. Jicho lake ni kali kuliko la wengi wetu hapa studioni. Sasa jicho hilo lilikwenda wapi aliposhika simu?

Tulipompigia na kumuuliza, alicheka. "Ah, picha si kazi yangu," alisema. "Kazi yangu ni mikeka."

Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa kila msikilizaji anayefikiri hivyo. Tunasema kwamba kama unasuka, unachonga, unapiga ngoma, unafinyanga au unatunga mashairi, sehemu ngumu zaidi ya kupiga picha unaijua tayari. Kilichobaki ni kuhamisha unachokijua kutoka kwenye mikono hadi kwenye simu.

Kwa nini picha zetu nyingi zinafanana

Picha tunazotumiwa na wasikilizaji zinafanana sana. Watu wamepanga mstari mbele ya ukuta, mikono imenyooka, nyuso zimekunjamana kwa jua. Si kwamba watu hawana ubunifu. Wengi wetu tulijifunza kupiga picha kwa kuangalia picha za wengine, kwa hiyo tunarudia tulichokiona.

Ukitafuta mawazo kwenye picha za watu wengine peke yake, utapata kilekile walichonacho wao. Lakini ukiyatafuta mahali pengine, kwenye ngoma unayoipiga au kanga unayoivaa, unakuja na kitu ambacho mwenzako hana. Isitoshe, huhitaji bando kukipata.

Waliopita njia hii kabla yetu

Jambo hili si geni. Baadhi ya wapiga picha wanaoheshimiwa sana duniani walianzia kwenye ufundi mwingine. Twende kwanza Mali, Afrika Magharibi.

Seydou Keïta wa mjini Bamako alijifunza useremala akiwa mtoto. Mwaka 1935 jamaa yake alimletea kamera ndogo, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Alipiga picha uani, kwa mwanga wa jua, na nyuma ya watu alitundika vitambaa vyenye maua na nakshi. Mwanamke aliyekuja na gauni la maua aliwekwa mbele ya kitambaa cha maua, na picha ikawa kama nguo moja kubwa ambayo uso umechomoza katikati yake. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Kama seremala anayepima mara mbili na kukata mara moja, alimpanga mtu kwanza, mikono na mabega, ndipo akabonyeza.

Mwenzake wa Bamako, Malick Sidibé, alisomea usonara, na alionekana ana kipaji cha kuchora tangu shuleni. Aliingia kwenye upigaji picha kwa kuajiriwa kupamba studio ya mpiga picha mmoja Mfaransa. Baadaye alijulikana kwa picha za vijana wakicheza muziki usiku, akizunguka kwa baiskeli kutoka dansi moja hadi nyingine. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya heshima ya Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Huko Marekani, Ansel Adams, anayejulikana kwa picha za milima na misitu, alipokuwa kijana alijiandaa kuwa mpiga piano. Alipohamia kwenye picha hakuuacha muziki nyuma. Alikuwa akilinganisha filamu na karatasi ya muziki yenye noti, na kuisafisha picha na kuupiga muziki huo mbele ya watu.

Hawa watatu hawakuutupa ufundi wao wa kwanza waliposhika kamera. Walikuja nao. Sasa turudi nyumbani, tuone sisi tunaweza kuja na nini.

Kanga: pindo, mji na jina

Ichukue kanga moja uitandaze. Ina sehemu tatu. Pindo ni ule ukingo unaozunguka pande zote nne. Mji ni sehemu ya katikati. Jina ni maneno yaliyoandikwa chini ya mji.

Picha nayo iko hivyohivyo.

Anza na pindo. Mtu asiyezoea huangalia katikati ya kioo cha simu tu, akasahau kingo. Ndiyo maana ile ndoo na ile ndala viliingia kwenye picha ya mkeka. Kabla ya kubonyeza, lizungushe jicho kwenye pande zote nne za kioo, kama unavyokagua pindo la kanga dukani. Je, kuna kitu kimechungulia ambacho hukukialika? Kuna kichwa au miguu iliyokatwa? Sogea, au kiondoe kitu hicho.

Kisha mji. Kanga nzuri huwa na jambo moja kubwa katikati, mengine yanalisindikiza. Jiulize: katika picha hii, mji ni upi? Kama ni uso wa bibi, basi nyumba, mbuzi na bodaboda ya jirani vyote ni wasindikizaji. Msogelee bibi. Na usogee kwa miguu yako. Ukivuta picha kwa vidole kwenye kioo, simu nyingi huipunguzia ubora.

Mwisho jina. Kabla ya kupiga, ipe picha yako jina kimoyomoyo, kwa maneno machache: "Mama anangoja basi." "Mvua ya kwanza." Ukishindwa kuipa jina, pengine bado hujajua unapiga picha ya nini. Subiri kidogo na uangalie tena.

Mkeka: mstari unaorudiwa na mahali unapovunjika

Msusi huanza na ukili mwembamba, kisha huziunganisha kili kwa kuzishona mpaka mkeka unatimia upana. Uzuri wake unatokana na kurudiarudia: mstari, mstari, mstari. Jicho linapenda kurudiwa kwa kitu kwa sababu linapata njia ya kufuata.

Ukiwa na jicho la msusi, utaanza kuona mikeka kila mahali. Matuta ya viazi ni mkeka. Bati za paa, matofali yaliyopangwa tanuruni, mitumbwi iliyopangwa ufukweni, nywele zilizosukwa mistari: yote ni mikeka. Simama mahali ambapo mistari hiyo inaanzia karibu na wewe na kwenda mbali, picha itapata kina.

Lakini msusi anajua pia kwamba mkeka wa rangi moja unachosha. Anaweka mstari mwekundu mmoja kati ya mingi ya rangi ya majani makavu, na jicho linatua hapo. Fanya vivyo hivyo. Kwenye matuta ya shamba, msubiri mtu mmoja mwenye kanga nyekundu apite. Kwenye safu ya ndoo za buluu kisimani, tafuta ile moja ya njano. Mstari unaleta jicho, na pale unapovunjika ndipo jicho linapokaa.

Uchongaji: mwanga wa ubavuni, na ujasiri wa kuondoa

Ukipita kwenye soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, au ukikaa na wachongaji wa Kimakonde kule Mtwara, utawaona wanageuzageuza kazi yao kila baada ya muda. Wanautafuta mwanga. Mpingo ni mweusi, na mwanga ukiupiga uso kwa uso mikunjo yote inapotea. Ukiupiga kutoka ubavuni, kila mkato wa patasi unatoa kivuli chake kidogo, na kinyago kinapata umbo.

Hapa ndipo lilipo jibu la mkeka uliofifia. Jua la saa saba linaanguka kutoka juu moja kwa moja, halitoi vivuli kwenye ususi, na simu inazidiwa na mwangaza wake hadi rangi zinapauka. Mkeka uleule, ukiutandaza saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua linaupitia kwa ubavu. Kila ukindu unatoa kivuli chembamba kama uzi, na ghafla unaona ususi wote.

Kwa nyuso za watu, tumia mlango. Muweke mtu ndani ya nyumba, hatua moja au mbili kutoka mlangoni, bega lake moja likielekea nje. Mwanga utaingia kwa upande mmoja, shavu moja litang'aa na jingine litapata kivuli laini. Ngozi zetu nyeusi hupendeza sana kwenye mwanga wa namna hii. Usimweke mtu mbele ya anga jeupe. Simu itaupima mwangaza wa anga, na uso utakuwa giza. Ikibidi, gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili simu iupime uso badala ya anga. Kwenye simu nyingi utaona alama ndogo ya jua: ipandishe au ishushe kwa kidole mpaka rangi ikae sawa.

Jambo la pili la mchongaji ni kuondoa. Yeye hapati kinyago kwa kuongeza mti. Anapunguza mpaka kibaki kinachotakiwa. Mpiga picha naye kazi yake kubwa ni kupunguza. Ukiona picha haipendezi, usifikirie cha kuongeza. Fikiria cha kutoa.

Ngoma: kungoja pigo

Mpiga ngoma anajua jambo ambalo mpiga picha wa kawaida hajui: anajua kitakachotokea baada ya muda mfupi ujao. Mwili wake unalisikia pigo kabla halijafika.

Chukua bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya majembe. Wachezaji huyarusha majembe juu na kuyadaka kwa pamoja. Asiyeijua ngoma anabonyeza simu anapoona jembe limeruka, na anapata ukungu, au mikono mitupu. Anayeijua anahesabu pamoja na ngoma, na anabonyeza nusu pumzi kabla.

Tena kuna siri hapa. Kitu chochote kinachorushwa juu hupunguza mwendo kadiri kinavyopanda, husimama kwa muda mfupi sana kileleni, ndipo huanza kushuka. Pale kileleni ndipo picha inapotoka kali, hata kwa simu ya bei nafuu. Ni hivyohivyo kwa mchezaji anayeruka, mtoto anayepiga mbizi mtoni, au mchi kinuni: subiri ufike juu kabisa. Kama simu yako inaruhusu, bonyeza na ushikilie ili ipige picha kadhaa mfululizo, kisha chagua moja na ufute zilizobaki.

Simu nyingi huchelewa kidogo baada ya kubonyezwa. Jifunze ucheleweshaji wa simu yako kama unavyojifunza ngozi ya ngoma mpya. Piga, angalia, piga tena.

Shairi: kusema mengi kwa mafungu machache

Mtunzi wa shairi la kawaida anajifunga mwenyewe. Mistari minne kwa ubeti, mizani kumi na sita kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho. Mgeni angesema kamba hizo zinambana. Mtunzi anajua kwamba ndizo zinazomlazimisha kuchagua neno.

Simu imetufungua kamba zote. Tunapiga picha hamsini za harusi moja, memori inajaa, na hatuangalii hata moja tena. Jaribu ubeti wa picha nne. Ukienda kwenye mavuno, rudi na picha nne tu: ya kwanza ionyeshe mahali, ya pili watu wakiwa kazini, ya tatu kitu kimoja kwa karibu, labda mikono au mbegu. Ya nne iwe kibwagizo, picha ambayo ukiiona peke yake inakurudisha kwenye jambo zima.

Fanya hivi wiki hii

Hauhitaji kununua kitu. Futa kioo cha kamera ya simu yako kwa nguo safi, maana mafuta ya vidole huleta ukungu. Halafu:

Siku ya kwanza, usipige picha kabisa. Fanya kazi yako unayoipenda, iwe kusuka, kupika, kufuma au kuimba, na ujiulize: ni nini ninachokiona hapa ambacho mwingine hakioni? Kiseme kwa sentensi moja.

Siku ya pili na ya tatu, kitafute kitu hicho nje ya kazi yako. Kama ni mistari, tafuta mistari. Kama ni pigo, tafuta mwendo. Piga picha nne tu kwa siku.

Siku ya nne, waonyeshe watu wawili picha zako bila kueleza chochote. Wasikilize wanachosema kwanza. Hapo utajua kama mji wa picha yako umeonekana.

Neno la adabu

Ufundi wetu una miiko yake, na kamera lazima iiheshimu. Mambo ya jando na unyago si ya simu. Msibani, ulizia wenye msiba kwanza. Mtoto wa mwenzio usimpige picha na kumrusha mitandaoni bila ruhusa ya mzazi wake. Na fundi mwenzako akikuomba usipige picha ya nakshi aliyoibuni, ujue ndiyo riziki yake. Anayeomba ruhusa hupata picha nzuri zaidi kwa sababu anayepigwa ametulia.

Mkeka ulirudi

Mama yule wa pwani tulimweleza mambo mawili tu: asubuhi badala ya mchana, na kukagua pindo. Mengine aliyatoa mwenyewe. Aliutandaza mkeka barazani saa moja kasoro, akachuchumaa ili simu iwe chini, jua likiupitia kwa ubavu. Zambarau ilikuwa zambarau. Ungeweza kuhesabu kili moja moja. Mnunuzi aliongeza bei, ingawa si kufikia alichotaka mama, na mazungumzo yao bado yanaendelea.

Lakini alitutumia picha nyingine siku ileile, ambayo hatukumwomba. Ni mikono ya mama yake mzazi, aliyemfundisha kusuka, ikiwa juu ya ukili ulioanzwa. Vidole vimepinda kwa uzee, na ukindu mwekundu mmoja unapita kati yake. Bibi huyo, mama alitueleza, picha yake nyingine waliyonayo nyumbani ni ile ya kitambulisho tu.

"Hii sitaiuza," aliandika. "Hii nimeipeleka mjini ikasafishwe."

Nawe msikilizaji, tutumie picha moja, na utuambie wewe ni fundi wa nini. Tutazizungumzia hewani, na zilizobeba jambo tutaziweka hapa ukurasani, kwa ruhusa yako.